Tulivyompima Rukia Adabu Badala ya Macho

Nyinyi vijana mnaosomea kazi ya macho siku hizi mna raha, nawaambia. Mashine inapiga picha, mashine inapima, mashine inaandika, na mtu amekaa pembeni anakunywa chai. Mjukuu wangu yumo katika kazi hiyohiyo. Juzi aliniuliza, "Bibi, zamani mliwezaje kupanga upasuaji wa makengeza kwa mtu ambaye macho yake yanacheza tangu utotoni, nanyi hamna kitu?" Nikamwambia kaa hapa nikueleze. Akasema ana haraka, atarudi. Najua hatarudi, basi nimeamua kuandika, na wewe uliyekaa kusoma utafaidi badala yake.

Hamna kitu! Tulikuwa na vitu. Tulikuwa na kurunzi, kitambaa cha kufunika jicho, sanduku la vioo vya kabari, yaani vile vioo vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, na tulikuwa na dresa, yaani msaidizi wa daktari, mmoja Mshambaa aitwaye Mzee Shemweta. Hiyo ilikuwa Tanga, miaka ya hamsini, katika hospitali moja iliyopigwa na upepo wa bahari mchana kutwa mpaka karatasi zikawa zinawekewa mawe. Mimi nilikuwa nesi mbichi kutoka Bonde, mwembamba, mwenye mdomo. Mzee Shemweta alikuwa na viganja vipana kama sinia, na hivyo viganja ndivyo vilivyoshika nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kila asubuhi alinitania, "Mbondei wewe, leo umekuja kufanya kazi au kuhesabu minazi?" Nami nikamjibu kwamba Washambaa wameshuka mlimani jana tu, wasitufundishe mji. Tukicheka hivyo kazi inaanza.

Sasa nieleze kwanza macho yanayocheza, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kuna watoto ambao, hata hawajajua kukaa, macho yao huanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila wenyewe kutaka. Mtoto hukua hivyo. Yeye haoni dunia ikitikisika, maana ndivyo alivyoizoea, ila haoni mbali vizuri. Lakini sikilizeni utamu wake! Wengi wao wana pembe moja ambayo macho yakielekea huko, hutulia. Sisi tulipaita kituo. Hakuna anayemfundisha mtoto kituo chake. Anakigundua mwenyewe, na kwa kuwa anataka kuona kilicho mbele, hugeuza uso kando ili macho yabaki palepale kwenye kituo. Ndiyo maana utamkuta mtu uso ameuelekeza dirishani, kumbe anakutazama wewe.

Ukiongeza makengeza juu ya hayo, kazi inakuwa tamu zaidi na ngumu zaidi. Jicho moja ndilo linalotazama, jingine limeingia puani halina habari. Mzee Shemweta alinipa fundisho moja wiki yangu ya kwanza, na mpaka leo nikifumba macho nasikia sauti yake: "Shingo humtumikia bwana mmoja. Mjue ni jicho lipi, ndipo uguse mkasi." Kumjua bwana huyo ni rahisi ukifunika sawasawa. Mimi siku ya kwanza nilimfunika mgonjwa kwa kiganja, vidole vimeachana, naye akawa anachungulia katikati huku mimi naandika maajabu. Mzee Shemweta akaninyanyua mkono akauweka kwenye mwanga. "Huu ni mkono au chekecheke?" Basi fundisho: funika kwa kitambaa kilichokunjwa, na usiwe na haraka ya kukiondoa.

Fundisho jingine tulilipata kwa fundi cherehani mmoja wa Usagara. Alikuja macho yanacheza, akapimwa kwa kadi iliyo karibu na pua yake, na macho yakatulia kimya. Tukamwambia hana neno kubwa. Akatoka nje akamsalimia mkewe, kumbe si mkewe, ni mwanamke wa watu amesimama ng'ambo ya njia amevaa kanga ya rangi ileile. Fujo iliyotokea pale langoni sitaieleza yote! Tulipomrudisha ndani ndipo tulipoelewa: macho mengi ya namna hii hutulia yakitazama kitu cha karibu, maana yanakusanyika kuelekea puani. Fundi alitunga uzi kwenye sindano bila shida, lakini ng'ambo ya njia ilikuwa ukungu. Tangu hapo tukapima mbali, mbali kweli, na hata kama ukumbi hautoshi tulifungua mlango tukamtazamisha mtu nje.

Daktari wetu wa macho alikuwa Mgoa, Daktari Fonseka, mtu mfupi mwenye sauti nene, anayependa kazi yake mpaka anasahau kula. Miaka ile ndiyo kwanza habari zilikuwa zinawafikia madaktari kwamba inawezekana kumkata mtu mwenye macho yanayocheza ukahamisha kituo chenyewe. Fikirini! Si kuyatuliza macho, hilo hakuna aliyeliweza. Ni kukichukua kile kituo kilichoko pembeni na kukileta mbele, ili shingo ipate kunyooka. Daktari alitueleza jambo hilo amesimama, hawezi kukaa, chai inamwagika kwenye sahani. Nami nikawa nasikia mwili wote unasisimka. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilidhani dunia yote inaanza pale ukumbini petu.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa njia hiyo ni Rukia.

Aliletwa kutoka Mwera, kule Pangani, na shangazi yake, Bi Mwanahawa, mwanamke mkubwa, buibui limefifia kwa jua, sauti ya kuita watu shambani. Rukia alikuwa mwari aliyekwisha kuposwa, mama yake amefariki, baba yake yu hai lakini mwenye maneno ni shangazi. Bi Mwanahawa hakuzunguka.

"Mwanangu huyu kaposwa mahala pazuri," alisema. "Mume amridhia. Mavyaa ndiye hataki tena."

"Kwa nini?"

"Ati huyu yuamdharau. Bi Zena, mama wa huyo mume, alikuja kwetu siku moja, Rukia mwenyewe hana habari kwamba ndiye mkwe. Yuko uani apepeta mchele, akainua uso ghafla amtambue ajaye. Lo! Kamtazama mkwe wake kwa pembe la jicho, uso kaugeuza kama ampaye kisogo. Bi Zena kaondoka hata maji hakunywa. Asema, nipate mkamwana anitazamaye kama ninanuka? Nimekwenda kumwomba, nikamwambia ni maradhi. Asema haya, katibiwe. Akitoka hospitali nitakuja nimwone mwenyewe. Nisiporidhika, posa yetu naivunja."

Mnaotoka bara pengine hamtalielewa hili kwa uzito wake. Kwetu pwani mtu anaweza kukutukana asiseme neno. Akikupa kisogo kidogo, akakutupia jicho la pembeni, basi yamekwisha, hata kesi ukipeleka kwa wazee watakuhukumia haki. Na binti huyu wa watu, tulivyoelewa siku ile, alikuwa anawatukana watu wazima tangu utotoni, bila kujua na bila kutaka.

Bi Mwanahawa akaongeza la pili. "Baba yake asema kisu mara moja tu. Mkishamkata, hamkati tena, hata iweje. Kaapa." Daktari Fonseka alinitazama, nikamtazama. Hapo tukajua tuna nafasi moja tu.

Tukampima. Tulimkalisha kwenye kiti, Daktari mbele yake, mimi ubavuni, kadi ya alama ukutani. Ilikuwa kadi yenye alama mfano wa uma, na mgonjwa huonyesha kwa vidole meno ya uma yanaelekea wapi, hata asiyesoma anaweza. Rukia alikaa wima, shingo imenyooka, macho yanacheza kwa kasi. Alama za juu, zile kubwa, alizipata. Za katikati akabahatisha. Tukafunika, tukafunua: jicho linalotazama ni la kulia, la kushoto limeingia ndani kuelekea puani. Shingo? Imenyooka. Daktari akamwambia tazama kule, tazama huku, naye akafuata upesi na kurudi upesi, hatukuona pahala palipotulia. Siku ya pili vilevile. Daktari akasikitika sana, maana alikuwa na hamu ya ile njia mpya, lakini haki ni haki. Akasema, "Huyu hana kituo. Tutanyoosha kengeza la kushoto tu, imetosha." Mzee Shemweta akakuna kidevu, akasema shangazi mtu kazungumza habari ya kugeuza uso. Daktari akajibu kwamba ameangalia siku mbili na uso haukugeuka, na kwamba jamaa huongeza chumvi. Ilikuwa kweli, jamaa huongeza chumvi! Hakuna kati yetu aliyempinga. Siku ya upasuaji ikapangwa.

Asubuhi ya mkesha wa siku hiyo ikapita beni barabarani, matarumbeta na ngoma, wanasindikiza harusi upande wa Raskazone. Wagonjwa wote wenye miguu wakatoka barazani, na wasio na miguu wakabebwa. Mimi nilitoka na sindano mkononi, Daktari akatoka na kikombe chake cha chai. Na Rukia alikuwa amefika kabla yetu, ameshika ukingo wa baraza, anaruka kama mtoto.

"Shangazi! Mpiga tarumbeta yule si Athumani wa kwetu Mwera?"

"Yupi? Mie simwoni."

"Yule wa nyuma! Tazama vile anavyofura mashavu! Kavaa na viatu leo!"

Nikageuka nimtazame Rukia. Uso wake ulikuwa umeelekea kushoto kabisa, kule kwenye vyumba vya kufulia, pua inaelekea kwenye mashuka yaliyoanikwa. Macho yamekwenda pembe ya kulia. Na yametulia! Yametulia kama maji ya mtungini! Nilitaka kupiga kelele, nikamtazama Daktari, naye kikombe kimeinama na chai yote inamwagikia kiatu chake na hana habari.

"Rukia!" aliita.

Rukia akashtuka. Shingo ikarudi mbele mara moja, imenyooka kama ya askari gwarideni, na macho yakaanza kucheza tena. Mbele yetu! Tuliona kwa macho yetu jinsi kituo kilivyofichwa.

Daktari akamwuliza polepole kwa nini anarudisha uso mbele hivyo anapoitwa. Rukia akamtazama shangazi yake, shangazi akamwambia sema. Akasema akiwa ameinama.

"Marehemu mama ndiye alonifunza. Kila akija mgeni hunishika kidevu akaninyoosha. Aliniambia, mbele ya mtu mzima shingo inyooke, usimtupie mtu jicho la pembe. Hutoona vizuri, lakini hutolaaniwa. Nami Daktari ni mtu mzima. Nimekaa kama nilivyofunzwa." Kisha akamalizia, "Mwanipima adabu siku zote hizi. Macho hamjayapima."

"Wewe mwana!" Bi Mwanahawa akamkemea. "Wamwambia hivyo daktari?" Lakini Daktari Fonseka alikuwa anacheka, anapiga mguu wake wenye chai sakafuni, anasema ndivyo, ndivyo hasa. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulikuwa tumeponea chupuchupu. Kesho yake tungelikata jicho la kushoto peke yake, na shingo ingeendelea kumtumikia bwana wake wa kulia vilevile, na Bi Zena angekuja akakuta jicho la pembe lipo palepale, na kisu kimekwisha.

Basi upasuaji ukaahirishwa na kupima kukaanza upya, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mtu mwenye heshima zake humpimi kwa kumkalisha mbele ya mkubwa na kumwambia tazama. Daktari alijificha nyuma ya pazia kama bwana harusi asiyetakiwa kuonekana. Mimi nilimkalisha Rukia barazani, nikamwambia macho yangu mabovu leo, anihadithie yanayopita njiani. Lo, kumbe alikuwa na mdomo kunishinda! Alinieleza baiskeli ya mwalimu iliyopinda, mbuzi wa fulani, mama wawili wanaosema na huku mmoja amekasirika. Kadiri alivyonogewa ndivyo uso ulivyokwenda kushoto na macho yalivyotulia.

Tulihitaji kujua uso unageuka kwa kiasi gani. Mzee Shemweta akatoa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akaichomeka sindano ndefu ya kufumia juu yake ielekee mbele, akamvisha Rukia. Juu ya kichwa tukaning'iniza ubao uliochorwa mistari kama kipimapembe cha shule. Sindano ikasoma mstari. Bi Mwanahawa aliporudi kutoka sokoni akamkuta binti yake amevaa kofia ya kiume yenye sindano, amekaa chini ya ubao, anacheka peke yake, na daktari kajibanza nyuma ya pazia. "Astaghafiru! Huku ndiko kutibu?" Tulimpa kiti na maji.

Tulirudia asubuhi na alasiri, siku mbalimbali, na sindano ikawa inarudi kwenye mstari uleule au jirani yake. Hilo nalo lishikeni: kipimo cha mara moja ni uvumi. Mpaka kirudi chenyewe bila kuitwa ndipo uamini.

Kisha ukaja mpango wenyewe, na mpango ukaleta ugomvi. Daktari alisema tutakata macho yote mawili. Bi Mwanahawa akasimama.

"Jicho bovu si hili la kushoto? Hili la kulia ndilo aonalo nalo. Mwalitakia nini jicho zima?"

Daktari akaeleza, lakini Kiswahili chake kikiwa na furaha kilikuwa kinakimbia mbele yake. Mzee Shemweta akaenda jikoni akarudi na ndimu mbili. Akazichora mboni kwa wino, akazichoma nyuzi mbili kila moja, uzi mmoja upande wa pua na mmoja upande wa sikio, akaziweka mezani zielekee kwa shangazi.

"Mama, jicho huvutwa na misuli kama hizi nyuzi. Huyu bwana wa kulia ndiye anayetazama, na starehe yake iko huku, upande wa sikio. Ndiyo maana binti anageuza uso, kumfuata. Sasa tukilegeza uzi wa sikio na kufupisha wa pua," akavuta, na ndimu ikajiviringisha kuelekea puani, "anapokwenda kustarehe panahamia mbele. Uso hauna haja ya kugeuka. Umeona?"

"Nimeona. Na hili la kushoto?"

"Hili lilikuwa limeingia puani tangu mwanzo. Na ukishamsogeza mwenziwe ndani, kengeza litaonekana kubwa zaidi. Kwa hiyo hili tunalitoa nje, kuelekea sikio, kwa deni lake la zamani na kwa lile aliloongezewa na mwenziwe. Macho yote mawili yanakwenda kushoto, ila hili linakwenda zaidi."

Hapo ndipo nilipoelewa na mimi! Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa Daktari mara kadhaa na nikawa naitikia tu kwa kichwa. Lakini Bi Mwanahawa alishika ndimu ya kulia mkononi, akaigeuza, akasema, "Ndimu ni ndimu. Mwanangu si ndimu. Mkiharibu hili, hana jingine." Alisema kweli, na sote tulijua.

Daktari akaenda kwenye sanduku la vioo vya kabari. Kioo cha namna ile hupindisha mwanga, kitu kilicho mbele kikaonekana kimesogea kando. Akamkalisha Rukia, akafunika jicho la kushoto, akachagua kabari nene na kuiweka mbele ya jicho la kulia, upande mwembamba kwenye sikio, ili kilicho mbele kionekane kiko kulia, kule kwenye kituo. Akaniambia nimsogeze shangazi akae mbele yake, mbali kidogo, mlangoni. Kisha akamwambia Rukia asahau adabu, amtazame shangazi yake atakavyo.

Uso ulianza kule kushoto. Ukakaa. Kisha ukaanza kurudi, polepole, wenyewe, bila mtu kushika kidevu. Haukufika mbele kabisa, lakini ulirudi sana, na jicho nyuma ya kioo limetulia. Bi Mwanahawa alikuwa anafungua mdomo aendelee kubisha, akabaki nao wazi. Alikuwa amemlea binti yule na hakuwahi kuonwa naye uso kwa uso, mtu akiwa ametulia hivyo.

"Shangazi, mbona walia?"

"Silii. Wewe tazama tu. Tazama, mwanangu, usiondoe." Akajifuta kwa ncha ya ushungi, akamgeukia Daktari. "Kateni. Na hilo zima kateni. Mungu atasimamia."

Nilipiga vigelegele palepale kliniki. Matroni akaja mbio kudhani kuna aliyezaa.

Siku ya upasuaji nilikuwa na hofu na furaha vimechanganyika. Hatari ya kazi ile ni kitu kidogo cha kijinga: kulia na kushoto. Kliniki unamtazama mgonjwa uso kwa uso, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Kitandani daktari hukaa kichwani kwake, kila kitu kinapinduka. Mtu mwenye akili zake anaweza kulegeza msuli wa kufupisha. Mzee Shemweta alichora macho mawili ubaoni kwa chaki, mishale na yote, kisha akautundika ubao miguu juu. Ukikaa pale anapokaa daktari, picha na mgonjwa vinalingana. Kila msuli ulipofikiwa mimi nilisoma kwa sauti, "Jicho la kulia, wa sikio, legeza," naye Mzee Shemweta akarudia, na Daktari akarudia wa tatu ndipo aguse. Akapima kwa bikari, akatia alama ya wino, akakata, akashona. Misuli minne. Hakuna aliyetania siku hiyo, hata Mshambaa.

Tulipofungua bendeji macho yalikuwa mekundu kama pilipili, na Bi Mwanahawa akaanza kututukana kwa Kidigo. Wekundu ukaisha. Niwaambie ukweli, maana wengine huwadanganya vijana: macho ya Rukia hayakuacha kucheza. Akitazama pembeni yanacheza mpaka leo, kama yu hai. Kengeza lilibaki kidogo sana, la kutafuta. Shingo nayo ilikuwa ikienda kushoto kwa mazoea, kisha inajikumbuka na kurudi. Lakini kituo kilikuwa mbele! Tulimkalisha mbele ya kadi ya uma, Daktari amekaa wazi bila pazia, na Rukia akasoma mistari ambayo hakuwahi kuifikia, shingo imenyooka, macho yametulia. Daktari Fonseka akatoka nje. Alirudi baadaye amenawa uso.

Bi Zena alikuja saa ya kutazama wagonjwa, kama alivyoahidi. Mwanamke mrefu, kimya, amejifunika ushungi mpaka puani, kabeba kikapu cha machungwa ambacho hakukiweka chini, kama mtu asiyejua bado kama atakitoa au atarudi nacho. Akaketi kwenye benchi la barazani. Bi Mwanahawa akamtoa Rukia ndani, akamkalisha kwenye kiti mbele yake. Mimi nilijifanya natandika kitanda kilichokwisha kutandikwa, karibu na dirisha.

"Shikamoo, mama," alisema Rukia.

"Marahaba."

Rukia akainua uso. Hakuugeuza kulia wala kushoto. Akamtazama. Alimtazama Bi Zena usoni, hapohapo mbele, macho yametulia, na hakuyaondoa. Bi Zena akajisogeza kwenye benchi, akashika kikapu chake vizuri, akatazama sakafuni, akainua tena macho akakuta bado anatazamwa.

"Mbona sasa wanikodolea hivi?" alisema. "Mwari hamkazii macho mavyaa yake."

Kazi yote ile! Kofia, ndimu, ubao miguu juu, na sasa kumtazama mtu mbele nako ni kosa! Bi Mwanahawa alikuwa tayari amevuta pumzi aanze maneno, na laiti angelianza, posa ingelivunjika siku hiyohiyo. Rukia akamgusa goti shangazi yake, asiseme.

"Ntayainamisha, mama," alisema kwa upole. "Niache kwanza nikuone."

Bi Zena akaweka kikapu chini, akashusha ushungi mpaka mabegani, akakaa sawasawa, akatulia aonwe.